Behewa la Mwisho

Behewa halitoi moshi, akasema Bi Mwanamkasi,
akalitua mezani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
kando ya redio ya mwalimu niliyoipasua kifua.
Treni nzima inakwenda. Kichwa kinavuta, taa zinawaka.
Ni hili la nyuma tu, la gadi,
bomba lake kavu tangu Mfungo Sita.

Mimi fundi wa redio, pasi na chaja za simu.
Moshi kwangu ni habari mbaya:
ukitoka, kitu kimekufa.
Miaka kumi na tisa naufukuza mezani,
leo mtu ananilipa niurudishe.

Nikaanza chini. Hukimbilii tumbo
kabla hujaangalia miguu.
Magurudumu yalikuwa na uchafu mgumu kama ukoko,
umeme haupandi hapo. Nikasugua kwa pamba na spiriti,
nikaunyoosha ulimi wa shaba unaogusa ekseli.
Nikalirudisha relini.
Kimya.

Nikafungua paa. Skrubu mbili, ndogo kama mbegu za mchicha;
moja ikaruka, tukaitafuta sakafuni kwa magoti, mimi na bibi.
Ndani, kikopo cha bati, utambi mweusi ti,
na katikati ya utambi rezista iliyopasuka kiuno.
Nikaipima. Mshale wa mita haukutikisika:
kama kubisha hodi nyumba waliyohama.

"Iliwashwa bila mafuta?"
Akatazama barabarani.
"Mjukuu," akasema.
Kisha: "Si mjukuu. Ni mimi. Usiku.
Sikujua kama yanaisha."

Semboja wake alikuwa gadi wa kweli,
bendera ya kijani kwapani, jiko la makaa behewani.
Akitoka Muheza anabandika birika.
"Nasi Pongwe tunauona moshi mnene, halafu nyuma kabisa
kamoshi kembamba. Ule wa mbele wa serikali, nasema.
Huu mdogo wangu."

Nikang'oa rezista kwenye televisheni mbovu, omu nane.
Ikawa nyekundu kabla sijamaliza bismillahi,
plastiki ikanuka, kidole kikaiva.
Ya pili, omu ishirini na saba, ilitoka kwenye stebilaiza ya jokofu.
Utambi wa koroboi ungegeuka masizi;
nikachambua ala ya waya wa pasi, nyuzi zake haziungui.
Nikauzungusha uguse, usibane:
ukibana haunywi, ukilegea haushiki joto.
"Kama ndoa," akasema bibi.
Sikujibu. Nilikuwa na chuma cha kulehemu mkononi.

Mafuta ya taa hapana, yatawaka.
Ya kula hapana, yatanuka andazi.
Nikachukua yale mepesi ya watoto, kwa bomba la sindano,
matone matano. Ukimwaga mengi utambi unazama,
na aliyezama hafuki.

Wahenga walisema hapafuki moshi pasipo moto.
Hawakuwahi kukaa kwenye meza hii.
Treni ikazunguka kopo la skrubu, ikazunguka redio ya mwalimu.
Mzunguko wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna,
nikaanza kuhesabu nitamrudishia shilingi ngapi.
Wa tatu, bomba likakohoa.
Uzi mweupe ukatoka, ukakatika,
ukatoka tena.

Bi Mwanamkasi akainama, akanusa.
"Siwo," akasema. "Ule ulikuwa na tangawizi."
Lakini akavuta kigoda.
Nikamfundisha: matone matano, dakika kumi, uzime;
usiache kikauke tena.
Ya kumi ilipotimia nikanyoosha mkono kwenye swichi,
akaushika.
"Ngoja kwanza," akasema, "haijafika Pongwe."

Nikaongeza tone moja.
Halafu jingine.